Rangi ya Kucha kwenye Injini

GLADWELL: Haloo? Nani mwenzangu?

HESBON: Haloo! Haloo, Mama Injini?

GLADWELL: Ndiye mimi. Sema kwa nguvu, hapa dukani kuna mtu anagonga chuma. Ni nani?

HESBON: Mteja wako wa Bungoma. Hesbon.

GLADWELL: Hesbon yupi? Watu wa Bungoma niko nao wengi.

HESBON: Ule wa Sirisia, bana! Nilikuja hapo Kitale na pikapu kuchukua injini, ukanipa chai, ukacheka vile nimefunga injini na kamba—

GLADWELL: —kama mbuzi wa Krismasi! [anacheka] Mzee wa kamba! Si ungesema hivyo toka mwanzo? Habari ya huko?

HESBON: Huku ni mulembe tupu, amani. Mvua iko, mahindi imesimama, watu wako sawa. Mwenye hana mulembe ni injini yako.

GLADWELL: Yangu? Mimi nikikuuzia kuku, akifika kwako bado anaitwa kuku wangu?

HESBON: Akitaga ni wangu. Akitoa moshi ni wako.

GLADWELL: Ati moshi? Rangi gani?

HESBON: Buruu.

GLADWELL: Nini?

HESBON: Buruu! Rangi ya huko juu kwa mbingu.

GLADWELL: Aa, buluu. Nimesahau nyinyi mkisema "r" mtu anaweka "l" mwenyewe. Hiyo buluu ni oili inaungua.

HESBON: Sasa unaniambia nini mimi sijui? Hii kitu inakunywa oili kuliko wazee wa kwetu na pombe ya busaa. Juzi nimepita Myanga siku ya soko, kina mama wakafunika mboga. Bodaboda wamenipisha njia, ati wamedhani kaunti imetuma gari ya kuua mbu.

GLADWELL: [anacheka] Ngai, pole. Usinichekeshe, niko na mteja mbele.

HESBON: Cheka tu, lakini cheka haraka, kredo yangu ya simu ni ya kubahatisha. Mama, ulinipa garanti ya mwezi. Mwezi bado haujaisha.

GLADWELL: Uliona ile maandishi kubwa kwa ukuta wangu?

HESBON: "Mali ikitoka hairudi." Niliona. Harafu nikaona wewe mwenyewe ukiniambia kwa mdomo, mzee, hii iko na garanti.

GLADWELL: Iko. Mimi si mtu wa kukana maneno yangu. Lakini garanti iko na sharti moja. Unaikumbuka?

HESBON: Sharti ni... ni kwamba...

GLADWELL: Isifunguliwe. Zile bolti za juu nilikuonyesha nimezipaka nini?

HESBON: Rangi.

GLADWELL: Kyuteksi. Rangi ya kucha, ya hizi kucha zangu. Spana ikigusa bolti, kyuteksi inabanduka, na garanti nayo inakufa hapo hapo. Sasa niambie, kyuteksi yangu iko?

HESBON: Iko!

GLADWELL: Kwa bolti zote?

HESBON: Zote. Tena inang'aa kuliko ile siku.

GLADWELL: Kuliko ile siku?

HESBON: Naisafisha.

GLADWELL: Unasafisha bolti.

HESBON: Mimi ni mtu msafi, mama. Uliza hata kanisani.

GLADWELL: Na fundi hajagusa?

HESBON: Fundi ameangalia tu.

GLADWELL: Na macho?

HESBON: Na macho.

GLADWELL: Spana ilikuwa wapi?

HESBON: Spana alikuwa ameshika tu. Si unajua fundi, hata akienda kunywa chai ameshika spana.

GLADWELL: Mzee Hesbon, wewe ungekuwa wakili watu wangefungwa wote. Haya, uko wapi saa hii?

HESBON: Hapa Bungoma mjini, gereji. Nimesimama karibu na hii ajabu yako, boneti wazi. Mama, wacha mchezo. Mimi hii gari naihitaji Jumamosi. Leo ni Alhamisi. Naenda mahari.

GLADWELL: Unaenda mahali gani?

HESBON: Mahari.

GLADWELL: Ndiyo nauliza. Mahali gani?

HESBON: Si nimesema? Mahari!

GLADWELL: Kwani ni siri? Basi usiniambie. Ila kama ni mahali pa karibu, panda tu bodaboda.

HESBON: Mama! Mtu anaenda mahari na bodaboda? Na wazee je, nitawabeba wapi, kwa kerio ya nyuma?

GLADWELL: Wazee? Ni mahali pa wazee?

HESBON: [anapumua] Sikiza. Ng'ombe. Blanketi. Shangazi na makofi. Kijana wangu anaoa!

GLADWELL: Oooh! Mahari! Mahari ya kweli!

HESBON: Mahari ya kweri.

GLADWELL: [anacheka hadi anakohoa] Wooi, sasa mimi nitajuaje? Kila neno lako nimetoa "r" nimeweka "l", na siku moja umesema vizuri nimekuharibia!

HESBON: Ndiyo ujue mtu wa Bungoma akisema neno, liache vile liko.

GLADWELL: Hongera basi, baba. Hongera sana. Mnaenda wapi?

HESBON: Tunaenda hu— [mawimbi] —le kwa—

GLADWELL: Wapi?

HESBON: Hapo ju— [mawimbi] —nde wa—

GLADWELL: Network imekula. Haya, popote.

HESBON: Nasema hivi, ni kijana wangu wa kwanza. Wa kwanza kabisa. Nikifika kwa watu siku ya kubisha hodi, moshi ikitangulia na mimi nyuma nakohoa, watasema nini? Watasema huyu baba hata gari imemshinda, msichana wetu atamuweza? Kaka yangu ndiye msemaji wetu, ni mtu wa pumu. Atatoa salamu gani?

GLADWELL: Kodi gari ingine.

HESBON: Nilinunua injini ndio nisikodi! Kijana alisema, baba, usiende na gari ya watu, enda na yako, hata kama ni kuukuu. Wakuone vile uko. Nikasema sawa, nitengeneze moyo wa gari. Sasa moyo ndio huu.

GLADWELL: [pole pole] Mm. Nimekusikia. Mimi pia Jumamosi sifungui duka, niko na wageni wangu. Kwa hivyo kama ni kusaidiana ni leo au kesho. Nitumie picha ya hizo bolti.

HESBON: Picha ya nini? Si nimekuambia na mdomo?

GLADWELL: Mdomo umesema unasafisha bolti. Nataka picha.

HESBON: Sina bando ya intaneti.

GLADWELL: Omba fundi wako. Yule wa macho.

HESBON: [mbali, kwa mtu mwingine] We, piga hapa... hapa juu... si uso wangu, piga bolti! ... [karibu] Ameituma.

GLADWELL: Ngoja ifunguke... Inazunguka... Inazunguka... Haya, imefunguka. Mzee Hesbon.

HESBON: Naam.

GLADWELL: Kyuteksi yangu ni rangi gani?

HESBON: Nyekundu.

GLADWELL: Na hii?

HESBON: Nyekundu... ya kuiva.

GLADWELL: Hii ni zambarau!

HESBON: Simu za siku hizi zinageuza rangi.

GLADWELL: Na vimetameta? Injini yangu imekuja na vimetameta?

HESBON: Hiyo ni jua.

GLADWELL: Jua la Bungoma linamwaga nyota kwa bolti? Mzee mzima, mtu msafi wa kanisani, umeketi chini unapaka injini vimetameta! [anacheka] Ngoja niwaonyeshe hawa watu wa dukani—

HESBON: Usionyeshe! Mama, tafadhali. [anacheka pia, kwa aibu] Basi nimekosa. Fundi alifungua. Moshi ilinitia woga, Jumamosi inakuja mbio, nikamwambia fungua. Kufunga tena, rangi imebanduka. Nikasema rangi ni rangi, hata kijana akaniletea hiyo moja alipata kwa gari, chini ya kiti. Mimi nilidhani kyuteksi zote ni ndugu.

GLADWELL: Ni ndugu, lakini hazifanani. Hii hata dukani huipati, hii—

HESBON: Haloo?

GLADWELL: [anaisogeza simu karibu na macho]

HESBON: Mama? Imekatika?

GLADWELL: Iko. Ngoja niikuze hii picha. Mzee, hii rangi mmesema mmeipata chini ya kiti?

HESBON: Ndiyo. Kachupa kadogo, kifuniko kimevunjika kidogo.

GLADWELL: Kimevunjika upande, kimefungwa na utepe wa karatasi.

HESBON: Eeh! Umejuaje?

GLADWELL: Kwa sababu utepe niliufunga mimi. Hiyo chupa niliitoa Eldoret mwenyewe, nikamletea msichana wangu siku alimaliza chuo. Nimeitafuta nyumba mzima, nikamuuliza, akasema ati panya. Panya, Ngai! Panya wa kupaka kucha! Huyo kijana wako anaitwa nani?

HESBON: Wafula.

GLADWELL: Wafula simjui.

HESBON: Chupa si yake. Ni ya rafiki yake. Yule... yule tunaenda kwao Jumamosi.

GLADWELL: Anaitwa nani?

HESBON: Ivy.

GLADWELL: Ivy wa nani?

HESBON: Mimi najua Ivy tu. Mambo ya ukoo anaongea kaka yangu na mjomba wa msichana huko Kitale. Mjomba mmoja sauti kubwa sana, akipiga simu hata ng'ombe wanageuka. Anaitwa... Ka... Kathoko?

GLADWELL: Gathogo.

HESBON: Huyo! Unamjua?

GLADWELL: Tumenyonya ziwa moja.

HESBON: [mawimbi] Sema tena, network—

GLADWELL: Network iko sawa. Gathogo ni kaka yangu. Huyo Ivy wenu, mimi nyumbani namwita Wacuka. Nimemzaa mimi.

HESBON: [kimya kirefu]

GLADWELL: Haloo? Mzee Hesbon?

HESBON: Niko. Nilikuwa natoa kofia.

GLADWELL: Kwa simu?

HESBON: Kwa simu.

GLADWELL: [anacheka kidogo] Lakini mimi niliambiwa kijana anaitwa Kevin. Kevin wa Bungoma, mrefu, anaongea pole pole.

HESBON: Kevin ni la shule. Nyumbani ni Wafula, alizaliwa mvua ikinyesha. Na mimi niliambiwa Ivy. Hiyo Wacuka hakuna mtu amenitajia.

GLADWELL: Sasa ona. Umenywa chai yangu, nimekucheka kamba yako, na mimi ndiye Jumamosi nikae nimefunga leso, macho chini, nikiulizwa kama nawajua hawa wageni.

HESBON: Na mimi nimekudanganya mambo ya bolti! Mayi, nisamehe. Nisamehe kabisa.

GLADWELL: Mayi ni nini?

HESBON: Ni mama. Kwetu ni heshima.

GLADWELL: Sasa hivi tu nilikuwa Mama Injini mwenye kuuza moshi.

HESBON: Hiyo ilikuwa Hesbon mwingine.

GLADWELL: Mpaka huyo mwingine nilikuwa nimeanza kumzoea. Hebu niambie, nani alikuambia uje dukani kwangu? Bungoma si injini ziko?

HESBON: Wafula! Alikataa kabisa hizo zingine. Baba, enda Kitale, kuna mama mmoja mwaminifu. Hakusema zaidi.

GLADWELL: Na mimi Wacuka akanipigia. Mama, kuna mzee atakuja na pikapu, usimnyanyase, mpe chai.

HESBON: Nilidhani chai ni ya kila mteja.

GLADWELL: Kila mteja napatia kiti, basi. Tena kiti chenyewe ni tairi. Wametutuma hawa!

HESBON: Wametuuza, mayi. Na hatukupewa hata risiti.

GLADWELL: [wanacheka wote wawili] Sijui walikuwa wanafikiria nini.

HESBON: Mimi najua yangu. Mimi nikivaa koti ya wageni nakuwa mtu mwingine, naongea kama tangazo ya mazishi. Labda Wafula alitaka unione na ile shati ya oili kwanza.

GLADWELL: Basi amefaulu. Nilikuona. Ulimwachia mzee mmoja aliyekuja na gunia kiti chako, ukanywa chai umesimama. Nilienda nyumbani nikasema, leo nimepata mteja mmoja wa adabu. Na Wacuka alikuwa hapo! Akainama kwa sufuria kama hajasikia!

HESBON: Waah.

GLADWELL: Sasa niambie ukweli, na usinipake vimetameta. Moshi ilianza kabla fundi hajafungua?

HESBON: Kabla. Haki ya Mungu aliye juu. Siku ya kwanza tu, nikirudi Sirisia.

GLADWELL: Basi ni mimi. Injini ilitoka kwangu mbaya. Wacuka alinikimbiza, mama muuzie haraka ana safari, nikaiwasha kidogo tu nikaizima. Ningeiacha inguruma ningeona. Na saa hii ungekuwa mtu mwingine, ningeona hiyo zambarau nikakata simu. Nimewafanyia wengine hivyo, na nikalala usingizi mzuri.

HESBON: Wewe mwenyewe unasema?

GLADWELL: Nasema. Usiambie watu.

HESBON: Sasa itakuwaje, mayi? Jumamosi ni kesho kutwa.

GLADWELL: Nitume gari yangu iwachukue?

HESBON: Ati nini? Watu wa mahari waletwe na mama ya msichana? Kaka yangu atalala chini hapo hapo!

GLADWELL: [anacheka] Nilikuwa nakujaribu. Niko na ingine, sawa na hiyo. Naiwasha mimi mwenyewe jioni hii, inguruma mpaka jirani walalamike. Kesho asubuhi fundi wangu Kipngetich anaileta huko na anaifunga.

HESBON: Hapana. Ngoja. Usinipe kwa sababu ya msichana. Watu watasema Mama Injini ametoa binti na injini ya nyongeza, kama nyanya sokoni. Nipe kama mteja.

GLADWELL: Kama mteja garanti yako imekufa. Na imezikwa na vimetameta.

HESBON: Basi kama mkwe.

GLADWELL: Mkwe bado hatujakuwa. Jumamosi haijafika, na Gathogo hajamaliza kupiga kelele.

HESBON: Sasa mimi ni nani?

GLADWELL: Wewe ni mzee mwenye alikunywa chai yangu amesimama. Inatosha. Injini ya moshi mrudishie Kipngetich.

HESBON: Mayi... sina neno. Asante. Asante kweri kweri.

GLADWELL: Hiyo "kweri" Jumamosi usinisemee, nitacheka mbele ya wazee. Jumamosi hatujuani. Nikikuletea chai ni mara ya kwanza.

HESBON: Na nitaketi.

GLADWELL: Utaketi. Na kama ni mahindi choma tu tumewapa, utasema asante.

HESBON: [mlio mdogo wa simu] Hii ni kredo inaniambia kwaheri. Harafu mayi, kabla sijakatika, wacha na mimi nikuchokoze kidogo. Hiyo ukuta yako. Na huyu Wacuka tukimchukua, garanti yake ni mwezi? Au yeye pia akitoka hairudi?

GLADWELL: [kimya]

HESBON: Nilikuwa nacheza tu.

GLADWELL: Najua. Unajua hayo maneno niliyatoa wapi?

HESBON: Nilidhani ni ya biashara.

GLADWELL: Ni ya baba yangu. Niliolewa mbali, huko chini. Siku moja nikarudi, Wacuka mgongoni, na hii mkono wangu wa kushoto haukunjiki. Mpaka leo haukunjiki vizuri, labda uliona vile nashika kikombe. Baba akasimama kwa lango. Akaniangalia, akaangalia mtoto. Akasema, Gladwell, mali ikitoka hairudi. Akaingia ndani, akasahau hata kufukuza mbwa waliokuwa wanatubwekea.

HESBON: Mayi.

GLADWELL: Mtu akiniuliza, nasema nilimsamehe. Sikumsamehe. Inaniuma hata saa hii nikikuambia, na yeye alishaenda. Nikalala kwa shangazi, nikaanza kuuza bolti kwa karai, bolti ikawa gurudumu, gurudumu ikawa injini. Nilipopata duka nikamwambia fundi wa rangi, andika hayo maneno hapo, kubwa. Nilitaka yakae kwa chuma. Yamalizikie hapo kwa chuma, yasiwahi kuingia nyumbani kwangu.

HESBON: [kwa sauti ndogo] Nimekusikia.

GLADWELL: Jumamosi wazee watauliza ng'ombe. Watauliza blanketi, watauliza nani ameketi wapi. Hakuna mtu ataniuliza hili, na mimi mwanamke hapo sitaongea. Kwa hivyo nakuuliza wewe leo, na kredo yako hiyo kidogo. Kijana wako akishindwa na Wacuka, au Wacuka akishindwa na nyinyi, mtanirudishia?

HESBON: Mayi, Wafula hawezi—

GLADWELL: Sijauliza kama anaweza. Kila mtu hawezi, mpaka siku anaweza. Nimeuliza, mtanirudishia? Akiwa mzima?

HESBON: [mlio wa simu] Ngoja, inalia tena. Nitakujibu, ngoja—

GLADWELL: Kwa sababu huyu garanti yake haina mwezi. Haina mwaka. Akitaka kurudi na nywele nyeupe, anarudi. Bila risiti, bila kuulizwa nani alifungua. Na sikia vile nitafanya. Siku ya kumtoa, hizo zambarau zake namnyang'anya. Nampaka kucha mimi mwenyewe, na hii yangu nyekundu.

HESBON: [anacheka kidogo, kwa uzito] Kama bolti.

GLADWELL: Kama bolti. Na nitakuja Sirisia bila kupiga simu. Nitasema nimeleta sukari. Lakini nitakuwa naangalia mikono. Ikibanduka na kuosha vyombo na kulima, hiyo ni sawa, sisi wote tumelima. Ikibanduka na kitu kingine, nitajua. Mimi najua kuangalia.

HESBON: Mayi, sikiza. Mimi ni baba. Niko na wasichana pia. Huko kwangu, hiyo rangi haita—

[Simu inakatika.]

GLADWELL: Haloo? Haloo, Mzee Hesbon? ... Haita nini? ... Kredo imeisha. Haya, mzee wa kamba. Hiyo "haita" yako utaimalizia Jumamosi, mbele ya watu.